Kuyeyuka na Kuiva: Plastiki za Aina Mbili na Historia ya Majina Yake

Miongoni mwa maneno ya kigeni yaliyoingia katika Kiswahili katika karne ya ishirini, ni machache yaliyoenea upesi kama neno plastiki. Limeingia jikoni, shambani, hospitalini, dukani na hatimaye katika sheria za nchi. Mtoto wa shule ya msingi analijua, na bibi kizee asiyesoma analijua pia. Lakini kuenea kwa neno si dalili kwamba maana yake imekamilika. Neno hili moja limebeba vitu viwili ambavyo mbele ya moto tabia zake zinapingana. Plastiki ya aina ya kwanza ikipashwa joto hulegea na kumiminika, ikipoa hurudi kuwa ngumu, nayo hukubali kufanyiwa hivyo tena na tena. Ya aina ya pili hukubali mara moja tu: ikishashika umbo lake, joto haliwezi kuilegeza tena, likizidi huiunguza ikawa mkaa.

Mkemia na mhandisi wanayo majina mawili ya kutenganisha aina hizi. Mfasiri wa Kiswahili, mara nyingi, analo moja tu. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti hiyo ilivyo, jinsi ilivyojitokeza katika historia ya dunia na ya pwani yetu, na kuonyesha kwamba maneno ya kuitaja si lazima yatafutwe mbali. Yamo tayari vinywani mwa wananchi.

Tofauti yenyewe

Plastiki zote ni polima, yaani zimefanywa kwa molekuli ndefu mfano wa minyororo, ambayo kila mmoja una pete nyingi zilizoungana. Tofauti kati ya aina zile mbili haimo katika pete, bali katika uhusiano wa mnyororo mmoja na mwingine.

Mkazi wa Musoma au wa kijiji chochote cha kandokando ya Ziwa Victoria ataelewa jambo hili kwa kulinganisha lundo la nyuzi na wavu. Nyuzi zilizolundikwa zimejiviringa na kushikana, na ukizivuta kwa ghafla zitakataa. Lakini hakuna fundo linalofunga uzi huu na ule, na kwa subira waweza kuutoa mmoja mmoja. Ndivyo ilivyo plastiki ya aina ya kwanza. Joto huipa minyororo nguvu ya kuteleza, kila mmoja ukaenda zake. Baridi huituliza mahali ilipofikia. Wavu, kwa upande mwingine, umefungwa mafundo kila penye makutano. Huwezi kuurudisha kuwa nyuzi bila kuukata. Ndivyo ilivyo plastiki ya aina ya pili: minyororo yake imefungwa kwa vifungo vinavyokingama kutoka mmoja hadi mwingine, hata kipande kizima kikawa kama molekuli moja kubwa. Joto likitiwa, minyororo haina pa kwenda. Likizidi, vifungo na minyororo hukatika pamoja, na kitu huharibika bila kuyeyuka.

Katika aina ya kwanza wamo polithini ya mifuko na madumu, polipropilini ya viti na magunia, PVC ya mabomba, nailoni ya nyavu, na plastiki ya chupa za maji ya kunywa. Polithini ya mifuko huyeyuka karibu na nyuzi joto 110 za selsiasi, na polipropilini karibu na 160. Katika aina ya pili wamo Bakelite ya soketi za umeme na mishikio ya sufuria, melamini ya sahani nzito zing'aazo, epoksi ya gundi ya mirija miwili, na resini za mashua za nyuzi za kioo. Mpira wa tairi, ijapokuwa kwa desturi hauitwi plastiki, una tabia hiyo hiyo mbele ya moto, na historia yake imefungamana na ya plastiki.

Elimu ya moto huko Ringwani

Ringwani ni kata ya Wilaya ya Serengeti katika Mkoa wa Mara. Ng'ambo ya Mto Mara, upande wa kaskazini, ni Wilaya ya Tarime. Lugha ya nyumbani kwa wenyeji wengi ni Kingoreme, na Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya mnadani. Mahali kama hapa, mbali na viwanda na maabara, ndipo mtunga istilahi anapoweza kusikia jinsi watu wanavyovigawa vitu kwa kuvitumia.

Dumu la lita ishirini, lililokuja na mafuta ya kupikia, limechukua kazi ya mtungi. Ni jepesi, halivunjiki likianguka, na linakaa vizuri juu ya baiskeli. Lakini hupasuka, na ndoo nazo hupasuka, hasa zikikaa juani muda mrefu. Fundi wa kuziba hahitaji gundi. Hupasha kisu kikuukuu katika makaa, akakipitisha juu ya ufa, kingo mbili zikalegea na kushikana. Pengine huongeza kipande cha ndoo nyingine akakiyeyusha juu yake kama kiraka. Hapo hapo fundi ana sheria yake: kiraka kiwe cha plastiki ya jamii moja na chombo, la sivyo hakishiki. Bila kusoma kemia amejua kwamba minyororo ya polithini haichangamani vizuri na ya plastiki nyingine.

Fundi huyo huyo ukimpelekea sahani ya melamini iliyovunjika, au soketi ya umeme iliyopasuka, hakipashi kisu chake. Anajua kwamba hiyo haiyeyuki. Itatoa harufu, itaweusika na kumeguka. Na tairi lililochakaa halimpi mtu yeyote wazo la kuliyeyusha. Hukatwa kwa kisu kikali likawa katambuga, nazo hupigwa misumari au kushonwa. Basi katika uwanja mmoja wa mnada kuna mafundi wawili na kazi mbili: wa kuyeyusha na wa kukata. Mgawanyo wa kazi zao ni mgawanyo ule ule wa vitabu vya kemia.

Kabla ya plastiki: lakiri, sandarusi na pembe

Tabia hizi mbili zilijulikana katika Afrika Mashariki kabla ya plastiki kuwapo. Nta ya nyuki huyeyuka na kuganda mara nyingi mtu atakavyo. Lakiri nayo ni hivyo: hupashwa motoni, hudondoshwa juu ya bahasha, hupigwa mhuri, na ikipoa hukamata chapa. Neno hili linahusishwa na neno la Kireno, lacre, na lilidumu katika ofisi za serikali kwa sababu kazi yake ilidumu. Yafaa kuangalia kwamba siku hizi, katika uchaguzi, neno lakiri hutumiwa kwa vifungo vya plastiki vya masanduku ya kura. Dutu imebadilika, kazi imebaki, na jina limefuata kazi. Huo ni mwenendo wa kawaida wa lugha.

Mfano mwingine una uzito zaidi katika hoja yetu. Katika karne ya kumi na tisa, sandarusi ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za Unguja pamoja na pembe za ndovu na karafuu. Ni utomvu wa mti wa msandarusi, uliochimbwa ardhini katika mrima, kutoka sehemu ambazo miti yenyewe ilikuwa imetoweka zamani. Wafanyabiashara wa Salem katika Marekani na wa Hamburg katika Ujerumani waliinunua kwa kutengenezea vanishi ya fanicha na ya magari ya farasi. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya mwaka 1857 na 1859 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, aliandika kwamba wafanyabiashara walitenga aina mbili. Utomvu mpya uliotoka mtini, ulio laini na wenye thamani ndogo, uliitwa chakazi; ule wa ardhini, mgumu na wenye bei, ndio ulioitwa sandarusi hasa. Naye akaeleza kwamba ule wa kwanza ni mbichi na huu wa pili umeiva. John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyeiwakilisha Uingereza huko Unguja, baadaye alionyesha kwamba zote mbili zina asili moja katika mti wa namna moja.

Kemia ya leo inathibitisha wazo la wafanyabiashara hao. Sandarusi ilipokaa ardhini miaka mingi, molekuli zake ziliungana, ikawa ngumu na yenye kukataa kuchanganyika na mafuta mpaka ipashwe joto kali sana. Si plastiki ya aina ya pili kwa ukamilifu, maana hatimaye huyeyuka. Lakini imekwenda hatua kadhaa katika njia hiyo hiyo. La muhimu kwa mtunga istilahi ni kwamba, zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita, badiliko la utomvu kutoka ulaini kwenda ugumu usiorudi lilielezwa pwani hii kwa mfano wa tunda: ubichi na kuiva.

Pembe za ndovu nazo zina sehemu katika historia hii. Pembe zilizopita Unguja zilikwenda London, Bombay, na hata miji midogo ya Connecticut iliyotengeneza vibao vya piano. Mipira ya biliadi pia ilichongwa kwa pembe, na katika miaka ya 1860 kampuni moja ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kushika nafasi yake. Katika kutafuta huko John Wesley Hyatt alitengeneza seluloidi, akapata hataza mwaka 1870. Seluloidi ilifanywa kwa pamba iliyotiwa asidi ya naitriki na kuchanganywa na kafuri. Ilikuwa plastiki ya kuyeyuka, na ndiyo iliyotumika baadaye kwa filamu za picha na za sinema.

Mpira, Bakelite na polithini

Upande wa pili wa historia ulianza na mpira. Mpira mbichi ulikuwa na kasoro kubwa: wakati wa joto ulinata, wakati wa baridi ulikakamaa. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba ukipikwa pamoja na kiberiti, yaani salfa, unaacha tabia hizo na kubaki na mnyumbuko wake. Salfa ndiyo iliyofunga vifungo kati ya mnyororo na mnyororo. Alipata hataza mwaka 1844. Hapo ndipo mpira ukawa bidhaa ya dunia, na Afrika Mashariki ikaingizwa katika biashara hiyo: kwanza kwa mipira ya porini iliyogemwa katika mitambaazi, kisha kwa mashamba ya Wajerumani sehemu za Tanga, ambayo yaliporomoka bei ilipoanguka mwaka 1913 kwa ushindani wa mashamba ya Asia.

Plastiki ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu bila kuanzia katika dutu ya mmea au mnyama ilikuwa ya kuiva. Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alikuwa akitafuta kitu cha kushika nafasi ya utomvu wa wadudu wa lakri ambao viwanda vya umeme viliutumia kuhami nyaya. Mwaka 1907 alifaulu kuunganisha fenoli na formaldehaidi chini ya joto na kanieneo, akaitangaza dutu yake mwaka 1909 na kuipa jina Bakelite. Kwa kuwa haiyeyuki na haipitishi umeme, ilifaa kwa swichi, soketi, masanduku ya redio na simu nyeusi ambazo watumishi wa zamani wanazikumbuka katika ofisi za boma.

Hata hivyo, wakati huo hapakuwa na aliyejua kwa hakika sababu ya tofauti ya dutu hizi. Mwaka 1920 Hermann Staudinger wa Ujerumani alitoa hoja kwamba zimefanywa kwa molekuli ndefu mno. Wakemia wengi walimpinga, na ilichukua miaka mingi nadharia yake kukubaliwa. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1953. Kwa maneno mengine, mafundi walitenganisha yeyukao na lisiloyeyuka kabla wanasayansi hawajajua kwa nini.

Baadaye zikaja plastiki za kuyeyuka zilizoujaza ulimwengu. Polithini iligunduliwa kwa bahati mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Uingereza, na katika Vita Kuu ya Pili ilihami nyaya za rada. Nailoni, iliyotengenezwa na Wallace Carothers na wenzake mwaka 1935, ilitangazwa kwa umma mwaka 1938. Katika miaka ya 1950 Karl Ziegler wa Ujerumani na Giulio Natta wa Italia walipata njia ya kutengeneza polithini ngumu na polipropilini bila kanieneo kubwa, wakagawana Tuzo ya Nobeli mwaka 1963. Dumu na ndoo za Ringwani zinatokana na kazi hiyo.

Majina yaliyotangulia

Plastiki zilipofika kwetu, wananchi hawakungoja kamati. Mpira likawa jina la mti, la utomvu, la kitu kichezewacho na hata la bomba laini la kumwagilia bustani, ingawa bomba hilo aghalabu ni PVC na wala halina mpira ndani yake. Nailoni likawa jina la karatasi yoyote ya plastiki, ijapokuwa mifuko iliyoitwa ya nailoni ilikuwa ya polithini. Mifuko ya kubebea bidhaa ikaitwa rambo, kwa jina la shujaa wa filamu za Kimarekani. Tangi la maji la plastiki huitwa Simtank hata likiwa la kampuni nyingine.

Hatuna sababu ya kuwacheka waliotoa majina haya. Lakiri ilikwenda njia hiyo hiyo. Lakini majina ya namna hii huonyesha kitu kinafanya kazi gani au kimetoka wapi. Hayaonyeshi kitafanya nini kikipashwa moto. Kwa mazungumzo ya sokoni yanatosha. Kwa mwongozo wa afya, kanuni ya mazingira au kitabu cha shule, hayatoshi.

Kwa nini jina lina uzito

Tuangalie mambo matatu ambamo kukosa majina mawili kunaleta hasara.

La kwanza ni sheria na taka. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kanuni za Tanzania Bara zilikataza mifuko ya kubebea lakini ziliacha vifungashio vya huduma za afya, viwanda, ujenzi, kilimo, usindikaji wa vyakula na udhibiti wa taka. Basi plastiki bado ipo, na mtendaji wa kata hutakiwa kuwaeleza wananchi ipi ikusanywe kwa ajili ya kurejelezwa. Akisema tu kwamba plastiki hurejelezwa, amesema kweli nusu. Ya kuyeyuka hurejelezwa kwa kuyeyushwa, ijapokuwa kila mara minyororo yake hukatika kidogo na ubora hupungua. Ya kuiva haiyeyushwi. Husagwa au hukatwa ikatumika kama kijazio. Kipande cha melamini kikichanganywa katika gunia la madumu hubaki katika mtambo kama jiwe katika mchele.

Mfano mzuri uko Lamu. Mwezi Septemba 2018 lilishushwa baharini dau liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Mwaka 2021 lilipita katika Ziwa Victoria. Mbao zake zilitokana na plastiki iliyoyeyushwa na kumiminwa upya. Lakini kandambili karibu 30,000 zilizolipamba na kulipa jina hazikuyeyushwa. Zilikatwa vipande na kubandikwa nje. Povu la kandambili aghalabu limefungwa vifungo vya kukingama, na mafundi wa Lamu waliliheshimu hilo kama vile mafundi wa katambuga wanavyoliheshimu tairi.

La pili ni afya na usalama. Sahani ya melamini haiyeyuki kwa chakula cha moto, na kwa sababu hiyo mtu huweza kudhani kwamba inastahimili joto lolote. Sivyo, ikipashwa kupita kiasi huachilia kemikali katika chakula. PVC nayo ikichomwa hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayodhuru mapafu. Mwalimu anayefundisha kwamba plastiki ikichomwa huyeyuka tu hajawalinda wanafunzi wake.

La tatu ni tafsiri yenyewe. Majina ya kemikali peke yake humtega mfasiri. Poliesta ya nguo ni ya kuyeyuka, na kila fundi cherehani anajua pasi ikizidi moto kitambaa hunata. Lakini poliesta ya mashua za nyuzi za kioo ni ya kuiva. Polithini ya mifuko ni ya kuyeyuka. Lakini polithini ya kuhami nyaya kubwa za umeme mara nyingi hufungwa vifungo vya kukingama makusudi, isiyeyuke waya ukipata moto. Jina la kemikali ni moja, tabia ni mbili. Mfasiri asiye na istilahi ya tabia ataandika jambo ambalo fundi atalifuata likamletea hasara.

Kuchagua istilahi

Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, na hasa baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, kanuni ya kutunga istilahi imekuwa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika, ndipo katika Kiarabu na lugha za kigeni. Tuyapime majina yanayoweza kutolewa.

Plastiki laini na plastiki ngumu ni majina mepesi lakini yana kosa. Bomba la PVC ni gumu nalo huyeyuka. Kandambili ni laini nayo haiyeyuki. Ugumu wa kitu mkononi si habari ya tabia yake motoni.

Kutohoa majina ya Kiingereza kungetupa maneno mawili yanayoanza kwa silabi zile zile za Kigiriki zenye maana ya joto, na kutofautiana mwishoni tu, tena mwisho wa pili ukifanana na seti, neno ambalo tayari tunalitumia kwa vyombo vya chai. Mwanafunzi angeyakariri bila kuyaelewa.

Plastiki ya kuganda ni jina linalovutia, kwa kuwa wengi wangelitumia kwa aina ya pili. Lakini kuganda kuna maana mbili. Mafuta yakiganda hurudi kuyeyuka. Maziwa yakiganda hayarudi kuwa mabichi. Tena plastiki ya kuyeyuka nayo huganda kila ipoapo. Neno lisilotenganisha kile hasa tunachotaka kukitenganisha halitufai.

Linabaki neno kuiva. Tanuru la matofali linatufundisha matumizi yake. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope, na mfyatuaji aweza kulifinyanga upya. Tofali lililoiva halirudi. Kitenzi hicho hicho hutumiwa kwa chakula na kwa tunda. Katika matumizi haya yote kuiva ni badiliko la ndani lisilorudi nyuma, ndilo hasa jambo linalotokea vifungo vinapofungwa. Isitoshe, tunda huiva bila moto. Hili ni jambo kubwa, maana epoksi ya mirija miwili hushika bila kupashwa, nayo ni ya aina ya pili. Jina la Kigiriki lililotegemea joto haliitoshei. Jina la Kiswahili linaitosha. Hapa istilahi yetu yaweza kuwa sahihi kuliko ile tunayoitafsiri.

Huenda wako watakaosema kwamba kuiva ni neno la jikoni na halina heshima ya sayansi. Jibu ni kwamba kiini cha yai ndicho kilichotupa kiini cha atomu, na mkondo wa mto ndio uliotupa mkondo wa umeme. Hata neno plastiki lenyewe lina asili katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufinyanga. Wagiriki walichukua neno kwa mfinyanzi. Sisi tukichukua kwa mfyatua matofali hatujatoka nje ya ukoo. Na wahenga waliposema udongo upatize ungali maji, walieleza kwa ufupi kanuni ya kiwanda chochote cha plastiki ya kuiva: umbo hutolewa kabla ya kuiva, baadaye hakuna nafasi ya pili.

Istilahi zinazopendekezwa

Plastiki ya kuyeyuka: plastiki inayolegea au kuyeyuka kwa joto na kuganda kwa baridi, mara nyingi, bila kubadilika aina yake.

Plastiki ya kuiva: plastiki inayoshika umbo mara moja kwa vifungo vya kukingama, nayo haiyeyuki tena.

Resini mbichi: dutu ya plastiki ya kuiva kabla vifungo havijafungwa.

Kiivisho: dutu inayotiwa ili kuivisha resini, kama vile ya mrija wa pili wa gundi ya epoksi au salfa katika mpira.

Muda wa kuiva: muda unaohitajika ili vifungo vifungwe kikamilifu.

Kifungo cha kukingama: kiungo cha kemikali kati ya mnyororo mmoja wa polima na mwingine.

Faida ya mpango huu ni kwamba istilahi moja huzaa nyenzake. Mfasiri aliyekubali kuiva amepata ubichi, kuivisha, kiivisho na kutoiva vizuri bila kutunga neno jipya kila mara. Kadhalika mwanafunzi aliyemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, akikutana na somo hili sekondari kwa Kiingereza, atakuwa na mahali pa kuliweka akilini. Na mtendaji wa kata aweza kusema mbele ya mkutano wa kijiji kwamba ya kuyeyuka iwekwe gunia hili na ya kuiva gunia lile, akaeleweka na fundi wa ndoo na fundi wa katambuga kwa pamoja. Walimu na wafasiri wanaombwa kuyajaribu maneno haya darasani na katika nyaraka. Yatakayoonekana kukwama katika matumizi yaletwe mezani, na yatakayokubalika yapelekwe mbele ili yasanifiwe.